Dira na Kirangozi: Mazungumzo juu ya Njia ya Kaskazini ya Tabora

Leo tumekusudia kuzungumza habari za chombo kidogo kienacho katika kiganja cha mkono, nacho ni dira. Lakini hatutaanza na chombo chenyewe. Tutaanza na mtu aliyesimama njiani.

Tuseme mtu huyo yuko Puge. Nyuma yake, upande wa kusini, iko Tabora, mwendo wa kilometa kama 56. Mbele yake iko Nzega, mwendo unaokaribia kulingana na huo. Maadamu amesimama barabarani hana shaka, kwa maana barabara yenyewe ni kiongozi wake. Lakini na aiache barabara, aingie porini upande wa magharibi kutafuta asali au kufuata ng'ombe aliyepotea. Miti ya miombo hufanana kama watoto wa mama mmoja. Vichuguu navyo hufanana. Baada ya saa moja wingu likafunika jua, naye akajiuliza: Je, nimetoka upande gani? Swali hilo ni fupi kwa maneno, lakini limewaua watu wengi kwa kiu.

Tukilitazama vema, swali lenyewe ni maswali mawili. La kwanza ni hili: kaskazini ni wapi, na kusini ni wapi? La pili ni hili: njia ni ipi, na maji yako wapi? Dira hujibu la kwanza tu. La pili hujibiwa na mtu aijuaye nchi. Historia ya njia iliyopita nchi hii yatufundisha kwamba kila aliyeshika jibu moja akalidharau la pili alikosea, hata kama alikuwa mtu wa elimu. Hayo ndiyo tutakayoyasimulia leo.

Kwanza na tuyatazame majina ya pande za dunia, kwani lugha zetu zilikuwa na dira kabla ya sindano kufika. Watu wa pwani waliishi kwa pepo mbili. Pepo za kaskazi zilivileta vyombo kutoka Bara Arabu na Bara Hindi, na pepo za kusi zilivirudisha. Basi upande ule ukaitwa kaskazini, na upande huu ukaitwa kusini. Mashariki na magharibi ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu, maana yake ni machweo na mawio ya jua: magharibi ni machweo, mashariki ni mawio.

Huku bara watu hawakuzijua pepo za bahari, lakini pande za dunia walizijua sana. Katika Kinyamwezi na Kisukuma, neno sukuma maana yake ni kaskazini, na neno dakama maana yake ni kusini. Mashariki ni kiya, na magharibi ni ng'weli. Kwa hiyo jina la Wasukuma, ambalo sasa ni jina la kabila kubwa, asili yake ni jina la upande: watu wa kaskazini. Nao Wasukuma huwaita jirani zao wa kusini Wadakama. Hata jina la Wanyamwezi, ambalo watu wa pwani waliwaita wageni wao wa bara, wengi husema limetoka katika mwezi, kwa kuwa mwezi mwandamo huonekana upande wa magharibi, na Wanyamwezi walitoka upande huo.

Angalieni jambo lililo ndani ya majina hayo. Mtu wa Puge ni wa kaskazini kwa yule akaaye Tabora, lakini ni wa kusini kwa yule akaaye Shinyanga. Upande hauna maana mpaka kwanza ijulikane mahali ulipo wewe mwenyewe. Wazee walilijua hilo wakaliweka katika mazungumzo ya kila siku. Hilo ndilo somo la kwanza la dira, na mwenye kulisahau haitamfaa hata dira ya dhahabu.

Sasa twende kwenye chombo chenyewe. Wachina ndio waliotangulia kuandika habari za sindano iliyosuguliwa kwa sumaku. Mwaka 1088 mtaalamu wao mmoja, Shen Kuo, aliandika kwamba sindano hiyo huelekea kusini, tena akaona kwamba haielekei sawasawa, bali hupotoka kidogo. Karne moja baadaye habari zake zilianza kuandikwa na watu wa Ulaya. Mabaharia wa Bahari ya Hindi waliitumia pamoja na nyota, nao waligawanya duara ya upeo wa macho katika sehemu 32. Neno letu dira lina asili moja na neno duara, yaani mviringo. Mwaka 1498, Vasco da Gama alipofika Malindi, Wareno walikuwa na dira zao wenyewe, lakini njia ya kuvuka bahari kwenda Bara Hindi hawakuijua. Walipewa rubani huko Malindi. Waliondoka tarehe 24 Aprili, na tarehe 20 Mei walitia nanga karibu na Kalikut. Dira walikuwa nayo tangu Ulaya. Lililowapungukia ni mtu ajuaye njia.

Basi huku bara rubani alikuwa nani? Alikuwa kirangozi. Katika karne ya 19, misafara mikubwa ilitoka pwani, hasa Bagamoyo, ikapita Ugogo mpaka Unyanyembe, ambako Waarabu na Waswahili walikuwa na makao mahali palipoitwa Kaze, penye mji wa Tabora sasa. Hapo njia zilipachana: moja ilikwenda magharibi mpaka Ujiji, nyingine ikaelekea kaskazini kwenda Usukuma, Karagwe na Buganda. Nchi ya Puge na Nzega iko upande huo wa kaskazini. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, nao walichukua pembe za ndovu, nguo, shanga na nyaya za shaba. Wala tusifiche: katika njia hizo hizo walipitishwa watu waliofungwa minyororo, wakauzwa kama bidhaa.

Kirangozi alitembea mbele ya watu wote. Msafiri Mwingereza Richard Burton alimwandika vema: alivaa joho jekundu na kilemba cha ngozi ya nyani chenye manyoya ya ndege, na bendera nyekundu ya Unguja ilitangulia pamoja naye. Mtu aliyethubutu kumtangulia alitozwa faini. Huenda msikilizaji akadhani kwamba hayo yalikuwa majivuno tu. Sivyo. Msafara wa watu mia tano ulinyoshwa njiani kama mstari wa siafu, na wa nyuma hawakuweza kuwaona wa mbele. Penye njia panda kirangozi alipiga mstari kwa mguu wake katika njia isiyotakiwa, au akaweka tawi la majani, ili wafuatao wajue kwamba njia ile imefungwa. Kama kila mtu angetangulia apendavyo, alama hizo zingekuwa na faida gani? Kosa moja la njia panda lingeweza kuwapeleka nusu ya watu mahali pasipo maji.

Kirangozi hakuwa na sindano. Alikuwa na jua, nyota, vilima, mito, na kumbukumbu ya safari zilizopita. Elimu hiyo ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na upungufu mmoja: ilikaa kichwani mwa mtu. Haikuweza kuchorwa sawasawa katika karatasi na kupelekwa mbali. Upungufu huo ulionekana wazi katika ramani iliyotengenezwa pwani na wamisionari Erhardt na Rebmann, ikaenea Ulaya mwaka 1856.

Erhardt alikaa Tanga, akawauliza watu wa misafara habari za bara. Waliokwenda kwa njia ya kusini walimwambia kwamba mwisho wa safari yao ni ziwa kubwa. Waliokwenda kwa njia ya katikati walisema hivyo hivyo. Na waliosikia habari za kaskazini walisema hivyo hivyo pia. Wote walisema kweli. Lakini hakuna aliyepima kwa digrii njia yake ilielekea upande gani, wala umbali wake ulikuwa kiasi gani. Basi mchoraji aliyaunganisha maji yote, akachora ziwa moja refu la ajabu, linaloshuka kutoka kaskazini mpaka kusini ya nchi. Ramani hiyo ilitazamwa na wataalamu wa London kwa mshangao mkubwa. Mashahidi walikuwa wa kweli, na ramani ilikuwa ya uongo. Huo ndio mfano wetu wa kwanza: maneno ya wajuao njia, bila ya dira.

Burton na mwenzake John Speke walitumwa na Chama cha Jiografia cha London kwenda kuyatafuta maji hayo. Walifika Kaze tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuacha pwani. Hapo walipokewa kwa ukarimu na mfanya biashara Mwarabu, jina lake Snay bin Amir, mtu msomi aliyekuwa amesafiri sana. Walipomwonyesha ile ramani, aliwaambia kwamba si ziwa moja, bali ni maziwa matatu: moja liko kusini, nalo ni Nyasa, la pili liko magharibi, ndilo la Ujiji, la tatu liko kaskazini, ndilo la Ukerewe, nalo ni kubwa kuliko lile la Ujiji. Jamaa, fikirini neno hilo. Kosa la ramani lililowashughulisha wataalamu wa Ulaya lilisahihishwa barazani Tabora, kwa mazungumzo ya watu waliokuwa wamekwenda wenyewe.

Wasafiri hao walikwenda kwanza Ujiji, wakarudi Kaze mwezi wa Juni mwaka 1858. Burton alikuwa mgonjwa akabaki. Speke alifunga safari ya kaskazini tarehe 9 Julai, pamoja na kirangozi, wapagazi wapatao 20, askari Wabaluchi 10, na Sidi Mubarak Bombay. Huyu Bombay alikuwa Myao, aliyetekwa utotoni akapelekwa Bara Hindi, akarudi akiwa mtu mzima. Speke hakujua Kiswahili. Alizungumza na Bombay kwa Kihindi, naye Bombay akazungumza na wenyeji kwa Kiswahili, na mara nyingine alihitajiwa mkalimani mwingine wa lugha ya mahali. Basi jibu lililotoka kwa mzee wa kijiji lilipita katika vinywa viwili au vitatu kabla ya kuandikwa kwa Kiingereza.

Speke aliifanyaje kazi ya kuchora njia? Kazi yenyewe si ya uchawi, hata mwanafunzi wa shule aweza kuifanya. Asubuhi, msafara ulipoondoka, alitazama dira na kuandika njia inaelekea digrii ngapi. Alitazama saa. Njia ilipopinda, aliandika tena. Kwa kuujua mwendo wa watu katika saa moja alipata umbali, na kwa digrii alipata upande. Akiunganisha mistari hiyo, mmoja baada ya mmoja, njia yote ilionekana katika karatasi. Usiku alipima nyota ili kusahihisha makosa ya mchana. Saa zake nzuri zilikuwa zimeharibika katika safari, hata ikamlazimu kutengeneza kipima wakati kwa risasi nzito iliyofungwa katika uzi wa inchi 39, ikining'inia na kubembea; kila mbembeo ulikuwa kama sekunde moja.

Tarehe 3 Agosti 1858, siku ya 25 ya safari, Speke alipanda kilima karibu na Mwanza, akaona maji yasiyo na mwisho. Aliamini palepale kwamba huo ndio mwanzo wa mto Nile. Maneno ya Snay bin Amir yalikuwa kweli: ziwa lilikuwa kaskazini, nalo lilikuwa kubwa. Tarehe 25 Agosti alikuwa amekwisha rudi Kaze.

Lakini hapo ndipo penye mfano wetu wa pili. Mahali alipopita kwa miguu, ramani ya Speke ilikuwa nzuri, kwa kuwa kirangozi alimpitisha na dira ikaandika. Mahali ambapo hakupita, wala hakuwa na habari za kutosha, alichora kwa kukisia. Kaskazini ya ziwa la Ujiji alichora safu ya milima iliyopinda kama mwezi mchanga, akidhani kwamba ndiyo Milima ya Mwezi iliyotajwa na wataalamu wa kale. Safu ya namna hiyo haikuwapo. Burton alimcheka kwa jambo hilo, na ugomvi wao ulidumu mpaka Speke alipokufa mwaka 1864. Hata juu ya ziwa lenyewe wengine walisema, Huenda ni maziwa mengi madogo. Speke ameona pembe moja tu. Mabishano hayo yalikwisha mwaka 1875, Stanley alipolizunguka ziwa kwa mashua kuanzia Machi mpaka Mei, akahakikisha kwamba ni ziwa moja. Hivyo twaona: dira mkononi mwa mtu aliyefika ni shahidi mwema, lakini dira haiwezi kushuhudia mahali ambapo haikufika.

Kuna habari moja zaidi ya Tabora ambayo haifai kusahauliwa. David Livingstone alipokufa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia, mwaka 1873, watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili wake wakauchukua kwenda pwani, mwendo wa zaidi ya maili 1,000. Walichukua pia vitabu vyake na vyombo vyake vya kupimia. Mwezi wa Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapo hapo. Wao walikataa, wakashika safari yao mpaka Bagamoyo. Lakini vyombo vya kupimia Cameron alivitwaa kwa safari yake, naye akavuka Afrika mpaka bahari ya magharibi mwaka 1875, pamoja na yule yule Bombay. Susi na Chuma walikwenda pwani bila ya vyombo hivyo, na hawakupotea. Majina yao twayajua. Lakini majina ya viranja wa wapagazi na ya marangozi wengi waliowaonyesha Wazungu kila kisima na kila kivuko hayakuandikwa pembeni mwa ramani. Aliyeshika dira aliandikwa. Aliyeijua njia alisahauliwa. Nasi tusomapo ramani za kale, ni haki tukumbuke kwamba kila mstari ulichorwa na watu wawili.

Sasa, jamaa, na tuichukue dira mkononi, tujifunze kuitumia.

Dira ya kawaida ina sindano ya sumaku izungukayo juu ya msumari mdogo, na duara iliyogawanywa katika digrii 360. Kaskazini ni 0, mashariki ni 90, kusini ni 180, na magharibi ni 270. Ncha moja ya sindano, ambayo aghalabu ni nyekundu, ndiyo ielekeayo kaskazini. Ishike dira mbele ya kifua, iwe imelala sawasawa kama maji katika bakuli. Ngoja sindano itulie. Kisha izungushe duara mpaka alama ya kaskazini ikutane na ncha nyekundu. Sasa waweza kusoma digrii za mahali popote upendapo kwenda.

Usitembee ukiitazama dira. Utajikwaa, tena utapotoka. Chagua mti ulio mbele katika mstari wako, mti wenye alama usioweza kuusahau. Nenda mpaka hapo. Itazame dira tena, chagua mti mwingine. Hesabu hatua zako. Kabla ya safari, pima mita 100 kwa kamba, uzitembee, ujue ni hatua zako ngapi. Kila mtu ana hesabu yake. Na kabla ya kuondoka andika digrii za kwendea, kwa maana ndizo zitakazokupa za kurudia: zikiwa chini ya 180, ongeza 180, zikiwa zaidi, punguza 180. Aliyekwenda magharibi kwa 270 atarudi mashariki kwa 90.

Tumrudie yule mtu wa Puge aliyeingia porini upande wa magharibi. Barabara ya Tabora na Nzega hupita kwa jumla kutoka kusini kwenda kaskazini. Basi kama ana dira, akishika mashariki ataikuta barabara mbele yake. Lakini afanye werevu mmoja zaidi. Akilenga Puge yenyewe, naye akatokea barabarani asione nyumba, hatajua kama Puge iko kulia au kushoto. Heri alenge kwa makusudi kusini kidogo ya kijiji. Atakapoikuta barabara, atajua bila shaka kwamba Puge iko upande wa kushoto. Kupotoka kwa makusudi ni bora kuliko kulenga sawasawa kwa mashaka.

Dira nayo ina maadui zake. Adui wa kwanza ni chuma. Panga, jembe, bunduki, ufunguo, hata simu ya mkononi, vikiwa karibu huivuta sindano. Weka panga chini, rudi nyuma hatua kadhaa, ndipo usome. Katika ukanda wa Nzega kuna miamba yenye chuma kingi ndani yake. Ukisimama juu ya miamba ya namna hiyo sindano yaweza kukudanganya. Ukiona dira imebadili neno lake ghafula, songa mbele kidogo uipime tena kabla ya kuiamini.

Adui wa pili ni mwinamo. Sindano haivutwi kwa upande tu, huvutwa na kwenda chini pia. Katika Ulaya ncha ya kaskazini huinama, na huku kwetu huinama ncha ya kusini. Dira iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya huenda ikagusa chini na kukwama huku kwetu; basi anayenunua dira na aitikise kidogo, aone kama sindano yazunguka kwa uhuru.

Adui wa tatu ni yule aliyeonwa na Shen Kuo: kaskazini ya sumaku si kaskazini halisi. Tofauti yake hubadilika kwa mahali na kwa miaka. Siku hizi katika Unyamwezi ni ndogo, si zaidi ya digrii chache, na kwa mwendo mfupi haina madhara. Lakini mtu asidharau digrii moja. Kosa la digrii 1 humtoa mtu mita 17 hivi kwa kila kilometa moja. Kosa la digrii 5 humtoa mita 87. Aliyetoka Tabora akikusudia Puge, akikosa digrii 5 bila ya kujisahihisha, atapita mbali na kijiji kwa karibu kilometa 5. Kosa dogo la asubuhi huzaa kosa kubwa la jioni.

Na asiye na dira afanye nini? Jua liko, lakini lataka akili. Katika vitabu vya Ulaya imeandikwa kwamba wakati wa adhuhuri jua liko kusini. Huku kwetu si hivyo sikuzote. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri liko kaskazini ya Puge. Mwezi wa Desemba liko kusini. Na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba liko juu ya kichwa, kivuli kikawa chini ya miguu. Basi tumieni njia isiyobadilika. Simikeni kijiti mahali palipo sawa, mtie alama penye ncha ya kivuli. Ngojeni robo saa, mtie alama ya pili. Alama ya kwanza ni magharibi, ya pili ni mashariki. Simama, alama ya kwanza iwe kushoto kwako na ya pili kulia: unatazama kaskazini. Walimu na wawajaribu wanafunzi wao kwa kazi hiyo uwanjani, kisha walinganishe na dira.

Barabara ya Puge sasa ina lami, na watu wengi hubeba simu zinazoonyesha ramani. Ni jambo jema. Lakini simu huzima, na pori halikuondoka. Na hata mwenye vyombo vyote, akifika mahali pageni, yampasa afanye kama walivyofanya wageni wa Kaze: aketi barazani, asalimie, aulize. Kuuliza si ujinga. Dira itamwambia kaskazini ni wapi. Haitamwambia kwamba kisima cha mbele kimekauka, wala kwamba kivuko kimechukuliwa na mvua.

Basi, jamaa, neno letu la leo ni hilo. Mwenye dira asimdharau kirangozi, na kirangozi asiikatae dira. Na wewe mwanafunzi, ukipata nafasi, nenda kwa mzee mmoja wa kijiji chako aliyezunguka sana, ukiwa na karatasi na dira. Mwambie akuonyeshe kwa kidole njia za zamani, majina ya vilima na visima. Yeye aonyeshe, wewe andika digrii. Na ukimaliza, pembeni ya karatasi yako, kando ya jina lako, andika na jina lake.